Kununua Unyoofu: Utangulizi

Seremala anayetaka kukuza karakana yake hufika siku moja kwenye swali hili: je, ninunue mashine ya kunyooshea mbao ya bei nafuu kutoka China, au niiache? Swali hilo huulizwa Keko na Buguruni jijini Dar es Salaam, huulizwa Gikomba jijini Nairobi, na huulizwa na kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA juzi akiwa na akiba ndogo na oda ya milango sita. Kitabu hiki kimeandikwa ili aweze kulijibu mwenyewe, dukani, mashine ikiwa mbele yake. Lakini jibu halimo kwenye bei wala kwenye rangi ya mashine. Limo ndani ya fani kongwe yenye utamu wake, fani ya unyoofu: namna binadamu anavyotengeneza kitu kilichonyooka, anavyojua kwa hakika kwamba kimenyooka, na anavyouhamisha unyoofu huo kutoka kitu kimoja hadi kingine. Karibu ndani.

Tuanze na mashine yenyewe. Ina vitanda viwili vya chuma vinavyofuatana kwa urefu. Katikati yake kuna rola yenye visu, mara nyingi viwili au vitatu, na pembeni umesimama ukuta wa kuegemezea mbao. Kitanda cha kuingizia huwekwa chini kidogo, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo unene wa ganda linaloondolewa kila unapopitisha. Kitanda cha kutolea hulingana na ncha za visu zinapofika juu kabisa ya mzunguko wake. Mbao ikivuka visu, sehemu iliyokwisha kukatwa hulala juu ya kitanda cha pili, na tangu hapo kitanda hicho ndicho kiongozi: kila sentimita mpya hukatwa kwa kuifuata iliyotangulia. Visu vinakata tu. Kinachonyoosha ni vitanda.

Anayelielewa hilo anaelewa pia kwa nini mbao zetu nyingi ni laini lakini zimepinda. Mteja anapeleka mbao za paini kwa mwenye mashine, analipa, anarudishiwa mbao zinazong'aa, anaamini zimenyooka. Mara nyingi zimepitishwa kwenye mashine ya kupunguza unene peke yake. Mashine hiyo ina rola za kuvuta zinazoibana mbao na kuilaza kwa nguvu chini ya visu. Mbao iliyopinda hunyooka kwa sekunde ile inapobanwa, hukatwa, kisha ikitoka nje hurudia pindo lake, sasa ikiwa nyembamba na yenye unene ulio sawa kila mahali. Kazi ya mashine ya unene ni kunakili uso mmoja upande wa pili. Kama uso wa kwanza haukunyooka, inanakili kasoro. Ndiyo maana katika karakana inayojua kazi yake uso mmoja hunyooshwa kwanza, kisha ubavu mmoja kwa pembe ya digrii 90, halafu ndipo unene na upana hufuata.

Sasa linakuja swali lililowashughulisha mafundi wa chuma wa Uingereza katika karne ya 19. Kama mbao hupata unyoofu kutoka kwenye kitanda, kitanda kinaupata wapi? Utasema kutoka kwenye mashine iliyokichonga. Na hiyo je? Mnyororo huo lazima uishie mahali, na jibu lake ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa niyajuayo katika ufundi. Mwaka 1840 Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, alieleza mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow namna ya kupata uso bapa bila kunakili kutoka uso mwingine wowote. Unachukua sahani tatu za chuma. Ukisugua mbili peke yake hadi zishikane, unaweza kudanganyika, kwa sababu moja inaweza kuwa na kitumbo na nyingine kibonde, zikalingana vizuri huku zote zina kasoro. Ya tatu haikubali udanganyifu huo. Ya kwanza ikishikana na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza, zikigeuzwa huku na huku, hakuna umbo linaloweza kutimiza masharti hayo yote isipokuwa ubapa. Unapaka rangi, unagusanisha, unaona palipoinuka, unakwangua, unarudia. Whitworth alikuwa amepitia karakana ya Henry Maudslay mjini London, ambako nyuso bapa zilithaminiwa sana.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina maana kubwa kwa fundi asiye na fedha. Uthibitisho wa unyoofu haununuliwi. Chukua vipande vitatu vya mbao iliyokauka vizuri, mninga ukipatikana, kwa kuwa mninga hausinyai sana wala hauchezi sana na hewa. Vipige randa ubavuni, kisha vigusanishe viwili viwili mbele ya dirisha. Mwanga ukikataa kupita katika jozi zote tatu, una rula tatu zilizonyooka, na hakuna muuzaji atakayeweza kukubishia. Nenda nayo moja dukani.

Ukifika, iweke rula juu ya vitanda vyote viwili baada ya kuvilinganisha kimo, visu vikiwa vimezungushwa chini ya njia yake. Ipime kwa urefu kushoto, katikati na kulia, kisha kwa mshazari, kona hadi kona. Mafundi wa magari wana vibati vya kupimia nafasi za valvu. Ukikosa, karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi moja ikipenya kwa shida mahali fulani, mashine hiyo ni nzuri kwa bei yake. Zikipenya tatu pamoja, uliza kwanza kama kitanda kinaweza kurekebishwa kabla hujatoa pesa. Mshazari usiuruke, hata muuzaji akiwa na haraka. Vitanda viwili vinaweza kuonekana sawa kwa urefu, kumbe kimoja kimejisokota kikilinganishwa na kingine, na mashine ya namna hiyo itaipa kila mbao msokoto. Msokoto ndio kasoro ngumu kuliko zote kuiondoa, na ndio unaofanya mlango uguse fremu kwenye kona moja tu.

Mashine ikiwa inaweza kuwashwa, kuna jaribio bora zaidi. Nyoosha ubavu wa mbao mbili zenye urefu wa mita moja hivi, zisimamishe ubavu kwa ubavu, tazama mwanga. Zikiacha mwanya katikati, vitanda vimelegea na kuinama kwenye ncha za nje. Zikigusana katikati na kuyumba kwenye ncha, ncha za nje zimeinuka. Mwanya unaouona umejumlisha kosa la mbao zote mbili, kwa hiyo kosa la kila mbao ni nusu yake. Kijishimo katika sentimita za mwisho za mbao ni jambo jingine na lisikutie hofu: kitanda cha kutolea kiko chini kidogo ya visu, kipandishe. Na kama mbao inazidi kukatwa kidogo kadiri inavyosonga mbele, kitanda hicho kiko juu mno, kishushe.

Bei nafuu haiji bure, wala haiji kwa ulaghai. Mtengenezaji amepunguza gharama mahali fulani, na kazi ya mnunuzi ni kujua wapi. Baadhi ya mapunguzo hayana madhara: rangi duni, mpini wa plastiki, kitabu cha maelezo kisichosomeka. Mengine hurekebishika. Beringi za mota na za rola mara nyingi ni za namba za kawaida, 6203, 6204 na jamaa zake, na zinapatikana Kariakoo kwa ubora wowote utakao. Kuzibadilisha mapema ni busara. Mkanda na kapasita hali kadhalika. Visu lazima vipimwe urefu, upana na unene kabla ya kununua, maana mashine yenye visu vya kipimo cha ajabu itakufunga kwa muuzaji mmoja, na siku atakapoacha kuviagiza utabaki na meza ya chuma.

Lakini pana punguzo moja lisiloonekana kwa macho. Chuma cha kusubu kinapopoa, sehemu nyembamba hutangulia kuganda na nene hufuata, na mivutano hubaki imefungiwa ndani. Watengenezaji wa zamani waliviacha vitanda vikae muda mrefu vikitulia kabla ya kuvichonga. Siku hizi vinaweza kutulizwa kwa kupashwa moto na kupozwa polepole. Hatua hiyo hula muda na mafuta, na ndiyo hushawishi kurukwa. Kitanda kilichochongwa bila kutulizwa kinaweza kutoka kiwandani kikiwa bapa kabisa, kikapinda miezi kadhaa baadaye, kikiwa kwako. Kwa sababu hiyo napendelea mashine ya nafuu iliyokwisha kutumika mwaka mmoja au miwili kuliko ile iliyofunguliwa leo kwenye sanduku, mradi vipimo viwe sawa. Iliyokusudia kupinda itakuwa imekwisha kupinda. Hoja hiyohiyo ndiyo inayozipa thamani mashine kuukuu za Uingereza kama zile za Wadkin wa Leicester, ambazo bado zinafanya kazi katika karakana na vyuo hapa na pale: chuma chake kimetulia zamani. Ukiipata moja yenye vitanda visivyolika, nunua kutu yake na usijali.

Urefu wa vitanda nao uzingatiwe. Kwa kawaida ya kazi, mashine hunyoosha bila taabu mbao yenye urefu wa hadi mara mbili ya kitanda kimoja, na kwa fundi mzoefu mara mbili ya vitanda vyote pamoja. Fundi wa stuli na droo atatosheka na mashine fupi ya mezani. Mguu wa fremu ya mlango una zaidi ya mita mbili, na juu ya mashine ya vitanda vya alumini ambayo mtu mmoja anaibeba kwapani, mbao hiyo ndiyo itakayoiongoza mashine.

Mashine unganishi zinazouzwa sana kwetu, zenye randa, msumeno wa duara na kekee ya kutobolea kwenye mhimili mmoja, zina mvuto ninaouelewa: pesa moja, kazi tatu. Kwa zile ambazo mhimili huo mmoja huzungusha kila kitu kwa pamoja, naomba msomaji asimame kidogo. Unapopasua mbao kwa msumeno, visu vya randa navyo vinazunguka, na kinga yake mara nyingi imetupwa siku ya kwanza kwa kuwa inasumbua. Rola za karne ya 19 zilikuwa za mraba, na mkono ulioteleza ulivutwa ndani ya pengo. Rola ya duara ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20, kina ambacho kisu kinaweza kuuma kilipungua sana, ila vidole havijawa chuma. Kinga irudishwe mahali pake, na kipande kifupi kuliko sentimita 30 kipigwe randa ya mkono. Tizama pia skrubu zinazobana visu. Zikiwa na nyuzi zilizolika, iache mashine hiyo hata kama vitanda vyake ni bapa kama maji ya kisimani, kwa sababu kisu kinachochomoka kwenye mwendo wa mizunguko elfu kadhaa kwa dakika hakimpi mtu nafasi ya kujifunza.

Kuhusu umeme, maneno machache. Nguvu ya kuzungusha ya mota hizi hufuata mraba wa volti: laini ikishuka kutoka volti 230 hadi 200, karibu robo ya nguvu imepotea. Mota iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ya hezi 60, ikitumika kwenye hezi zetu 50 itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake, hata ukiipatia volti sahihi.

Swali la mwisho ni kama unaihitaji. Anayetengeneza kitanda kimoja cha kulalia kwa mwezi, tena kwa paini, atanyoosha mbao zake kwa randa ndefu ya mkono na atakuwa fundi bora kwa kufanya hivyo. Anayefanya kazi na mvule na msaji kila siku atachoka, na visu vyake pia vitachoka, kwa maana mvule huficha mawe ya chokaa ndani yake na msaji una chembe za silika. Ajiandae kunoa mara kwa mara. Anayenunua mbao mbichi hatasaidiwa na mashine yoyote. Mbao iliyonyooshwa ikiwa na unyevu itapinda upya ikikauka, na hata iliyokaushwa kwa hewa ya Tanga itajongea tena ikifika Dodoma. Kwake yeye fedha ya kwanza iende kwenye banda la kukaushia. Lakini mwenye milango ya kutoa kila wiki, mwenye mbao kavu, mwenye rula yake ya mninga na subira ya kupandisha kitanda kwa kipande cha bati jembamba, huyo na anunue ya bei nafuu bila aibu. Ataifikisha kwenye usahihi ambao kiwanda hakikuulipia.

Sura ya kwanza inaanza na zile mbao tatu. Zitafute sasa, ziwe na urefu wa mita moja, zilale ndani ya nyumba wiki kadhaa zikiwa juu ya vigongo, na uzipige randa ukiwa umefika kwenye mchoro wa pili.