Kamba asiyeona wa pangoni hupataje jina?

Mwaka 2006, kazi katika machimbo ya mawe karibu na mji wa Ramla, Israeli, ilifungua tundu la pango ambalo lilikuwa limezibwa tangu kale. Pango hilo sasa linaitwa Ayyalon. Ndani yake kuna ziwa, na humo walikutwa kamba wasioona. Kamba tunayemzungumzia ni yule wa majini, jamaa ya kaa, siyo kamba ya kufungia mbuzi.

Mle pangoni jua halifiki wala mmea hauoti. Chakula huanzia kwa bakteria wanaopata nguvu kutokana na salfa iliyomo majini.

Je, kamba huyo alikuwa mpya? Kutoona pekee hakutoshi kujibu. Wanyama wengi wanaoishi gizani vizazi kwa vizazi hupoteza macho na rangi, hata kama hawana undugu wa karibu. Tena kamba wa kundi hilo walishajulikana: mmoja alielezwa mwaka 1909 kutoka chemchemi ya Tabgha, kando ya Ziwa la Galilaya, na wengine baadaye kutoka Libya na Italia.

Kwa hiyo mtaalamu humweka mnyama chini ya hadubini. Hupima gamba, huchunguza miguu na makucha, huhesabu miiba, kisha hulinganisha na jamaa zake. Siku hizi vinasaba pia hulinganishwa. Tofauti zikithibitika, mtaalamu huchapisha maelezo na michoro, na mnyama mmoja huhifadhiwa ili awe kielelezo cha jina hilo.

Hivyo, mwaka 2008, Moshe Tsurnamal alimpa kamba huyo jina Typhlocaris ayyaloni. Neno la kwanza ni la kundi, lenye maana ya kamba kipofu. La pili linataja pango.

Kwa nini tujali jina? Katika pango hilohilo lilipatikana pia jamii mpya ya nge asiyeona, lakini yalikutwa mabaki yake tu. Inadhaniwa alitoweka baada ya maji ya ardhini kushuka kwa sababu ya kuvutwa kwa pampu kupita kiasi. Alipewa jina akiwa huenda amekwisha kutoweka.

Kamba naye hutegemea maji hayohayo ya ardhini. Lakini yeye amepata jina akiwa hai. Mnyama mwenye jina anaweza kuhesabiwa, kufuatiliwa na kutajwa katika sheria ya ulinzi. Asiye na jina hutoweka bila mtu kujua.