Sahihi katika daftari la jikoni: nani atie, na wakati gani?

Zipo familia nyingi miongoni mwetu zinazoishi kwa kupikia watu. Leo ni pilau ya walima, kesho ni chakula cha wanafunzi wa bweni. Mwenye zabuni ya namna hii aweza kutakiwa kuweka daftari la usalama wa chakula, ambalo kila mstari una nafasi ya sahihi. Hapo ndipo penye tatizo. Wapo wanaotia sahihi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kalamu ile ile, mwandiko ule ule.

Kwanza tufahamu kinachoandikwa humo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kuwa chakula kiive hadi katikati yake kufikia nyuzi joto 70 za Selsiasi, kinachosubiri kuliwa kikae juu ya 60, na cha kwenye friji kiwe chini ya 5. Kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Aliyechomeka kipimajoto kwenye nyama akasoma 54 anajua kuwa sufuria irudi motoni. Anayejaza kesho yake kwa kukumbuka ataandika 70, kwa sababu ndiyo inayotakiwa. Na wali je? Ukiachwa kupoa taratibu huzaliana bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukipashwa moto tena. Kwa hiyo saa ya kweli iliyoandikwa ndiyo itakayomwambia msimamizi kuwa wali huo umwagwe, usipelekwe kwa watoto.

Miongozo ya Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, inataka aliyepima ndiye atie sahihi au herufi za mwanzo za jina lake. Herufi mbili zinatosha, ila ukurasa wa mbele wa daftari uonyeshe ni za nani, maana A.S. aweza kuwa Asha au Abdallah. Mpishi asiyejua kuandika aweke dole gumba, jina lake liandikwe pembeni mbele yake. Wanaotumia kompyuta au simu, kila mmoja awe na nywila yake. Nywila moja ya jiko zima ni sawa na muhuri ulioachwa mezani. Yeyote aweza kuugonga.

Msimamizi naye hutia sahihi yake, lakini ya kukagua daftari, si ya kupima. Asiwatilie wengine. Anayetia sahihi anatoa ushahidi, na shahidi hushuhudia alichokiona.

Ukikosea namba usiifute kwa wino mweupe. Ikate kwa mstari mmoja isomeke bado, andika iliyo sahihi, kisha weka herufi zako na tarehe.

Jiko dogo la mama na binti yake halihitaji makaratasi mengi. Uingereza, mamlaka ya chakula ya nchi hiyo imewatengenezea wafanyabiashara wadogo shajara ambayo hutiwa sahihi kila siku kuthibitisha kuwa ukaguzi wa kufungua na kufunga jiko umefanyika. Maelezo huandikwa pale tu panapotokea tatizo. Daftari la kawaida la dukani laweza kupigwa mistari vivyo hivyo.

Siku ambayo hakuna aliyepima, andikeni "haikupimwa", na aliyekuwa zamu atie sahihi yake hapo.