Kuunga Bomba Chini ya Maji: Kweli au Uongo?

Gesi ya Songo Songo hupita chini ya bahari yapata kilomita 25 kabla ya kushika nchi kavu na kuendelea hadi Dar es Salaam. Mjimwema, Kigamboni, meli za mafuta hufungwa kwenye boya nje ya pwani, na shehena yao hushuka kwa mipira minene hadi kwenye bomba lililolazwa sakafuni mwa bahari. Tunaitegemea mitambo hii kila siku, lakini mengi tunayosimuliana vijiweni juu yake si sahihi, na mojawapo linaua watu.

"Ukilifungua bomba chini ya maji, lazima maji yaingie na kuharibu kazi."

Uongo. Maji hukimbilia palipo na presha ndogo. Presha ya ndani ikizidi ya nje, kilichomo bombani ndicho kitakachotoka. Zikilingana, hakuna kinachosukumwa upande wowote, na hapo fundi anaweza kulegeza kwa utulivu bolti za flanji, yaani pete ya chuma inayounganisha midomo ya mabomba. Ndiyo maana mara nyingi bomba hujazwa maji kwa makusudi kabla ya kuungwa. Kazi ikiisha, maji hayohayo hutumika kulipima bomba kwa presha kubwa, kisha hutolewa kwa kizibo kinachosukumwa na hewa kutoka ncha moja hadi nyingine. Baada ya hapo ndipo gesi au mafuta huingizwa. Ishike vizuri habari hii ya tofauti ya presha, kwa sababu tutaihitaji.

"Umeme na maji ni maadui, kwa hiyo huwezi kuchomelea chuma baharini."

Uongo. Konstantin Khrenov wa Umoja wa Kisovieti alifanikiwa kuchomelea chini ya maji mwaka 1932. Moto wa umeme hutengeneza povu la gesi linaloyazuia maji yasikifikie chuma kinachoyeyuka. Kasoro ni kwamba maji hukipoza chuma upesi mno, na hidrojeni itokanayo na maji hayo hujipenyeza kwenye mshono. Mshono wa namna hiyo huwa mgumu lakini hupasuka kirahisi. Kwa matengenezo ya dharura unaweza kufaa, ila sishauri mtu auamini kwenye bomba kubwa la gesi.

Kwa kazi ya uzito huo, chumba maalumu hushushwa kikazizunguka ncha mbili za bomba, na gesi ikayasukuma maji nje mpaka fundi apate pakavu. Hivyo ndivyo bomba la kwanza la gesi la Nord Stream lilivyokamilishwa mwaka 2011 katika Bahari ya Baltiki. Lilikuwa na sehemu tatu. Mbili ziliungwa upande wa Finland kwenye kina cha mita 80 hivi, na ya tatu ikaungwa nazo karibu na kisiwa cha Gotland, Sweden, kwenye mita 110 hivi.

"Kila kiungo cha bomba la baharini hufungwa na mpiga mbizi."

Uongo. Bomba hilo la Nord Stream lina urefu wa kilomita 1,224, na vipande vyake vya mita 12 ni kama laki moja. Karibu vyote vilichomelewa na kukaguliwa juu ya meli, kisha bomba likateremshwa taratibu.

"Bomba la plastiki likijaa maji huzama lenyewe."

Uongo. Polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo bomba la kuchotea maji ziwani hufungiwa vitalu vya zege. Ncha za vipande vyake huyeyushwa na kugandishwa pamoja ufukoni. Kule chini huungwa kwa flanji na bolti.

"Kwenye kina kirefu sana hakuna anayeweza kufungua wala kufunga bolti."

Uongo, na ushahidi wake ulitazamwa na dunia nzima. Aprili 20, 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Kisima kilikuwa kwenye kina cha mita 1,500 hivi, ambako presha ni karibu mara 150 ya hewa tuivutayo. Mwezi Mei lilishushwa kuba kubwa la chuma kulifunika vujo. Gesi ilipokutana na maji baridi kwenye presha ile iligeuka fuwele kama barafu, zikaliziba kuba, na jaribio likashindwa. Mwezi Julai roboti zinazoongozwa kutoka juu zilifungua bolti za flanji ya zamani, kikafungwa kiungo kipya, na juu yake kifuniko chenye valvu. Julai 15 mafuta yakaacha kumwagika.

"Hatari kubwa kwa mpiga mbizi wa mabomba ni papa na kuishiwa hewa."

Kuishiwa hewa ni hatari ya kweli. Papa ni hadithi. Inayosahaulika ni ile tofauti ya presha. Mdomo wa bomba la inchi 12, nje kukiwa na maji ya mita 10 zaidi ya ndani, humvuta mtu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 700. Hakuna misuli inayoshindana nayo, na mara nyingi haionekani mpaka mtu ameshanaswa. Februari 2022, huko Pointe-à-Pierre, Trinidad, wapiga mbizi watano waliokuwa wakitengeneza bomba la mafuta la inchi 30 walivutwa ndani yake. Mmoja alitoka hai. Wanne walikufa.

Wewe unayemwita kijana azamie kufunga flanji au kuzibua bomba ziwani, bwawani au bandarini: zima pampu, funga valvu kwa kufuli, na uhakikishe presha ya ndani na ya nje zimelingana kabla hajalowesha mguu. Nawe unayezamia, kataa kazi mpaka hayo yafanyike mbele ya macho yako.