Maji ya Mvua Mijini: Nani Afundishwe, na Afundishwe Nini?

Mvua inyeshapo, maji yake huwa na njia tatu tu: kupenya ardhini, kurudi hewani kwa mvuke, au kutiririka juu ya ardhi kuelekea mabondeni. Penye nyasi na udongo wa kichanga, njia ya kwanza ndiyo huchukua sehemu kubwa. Penye mabati, zege na lami, njia ya tatu ndiyo hutawala. Hayo kila mwanafunzi wa jiografia anayafahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba kiasi cha maji kitakachotiririka hakiamuliwi na mhandisi wa mifereji peke yake. Huwa kimekwisha kuamuliwa na mpima aliyekata viwanja, na msanifu aliyechora nyumba, na fundi aliyesakafia uwanja.

Mnamo Desemba 2011 jiji la Dar es Salaam lilipata mvua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na baadhi ya wakazi wa bonde la Mto Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Lawama nyingi ziliwaangukia waliojenga bondeni, na kwa hakika bonde la mto si mahali pa kulala watu. Hata hivyo, maji yanayowafikia watu wa bondeni hayanyeshi yote juu ya mapaa yao. Msimbazi huanzia upande wa vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji, na kumwaga maji yake baharini penye daraja la Selander. Katika safari hiyo hupokea maji ya mapaa na barabara za watu wengi ambao nyumba zao haziguswi na mafuriko kamwe.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikinyeshewa mvua ya milimita 50 kwa saa moja, hupokea maji mita za ujazo 30, yaani lita 30,000. Kikiwa bado na nyasi na mchanga, yaweza kukadiriwa kwamba sehemu 0.2 tu ya maji hayo hutiririka, nayo ni mita za ujazo 6. Mwenye kiwanja akijenga nyumba na banda, kisha akasakafia uwanja wote ili gari lisikanyage tope, sehemu hiyo hupanda hadi 0.9 hivi, na maji yatokayo langoni huwa mita za ujazo 27. Ongezeko ni 21. Viwanja 1,000 vya namna hiyo vikiwa juu ya mtaa mmoja, huongeza mita za ujazo 21,000 kwa saa moja, na huku mfereji wa chini haujapanuliwa hata kwa sentimita moja.

Kanuni iliyotumika hapo ni ya zamani. Mulvany aliieleza huko Ireland mwaka 1851, na Emil Kuichling akaitumia kwa mifereji ya miji ya Marekani mwaka 1889. Husema kwamba wingi wa maji katika kilele cha mafuriko ni zao la mambo matatu: ukali wa mvua, ukubwa wa eneo, na ile sehemu ya mvua inayotiririka. Kanuni hii hufaa kwa maeneo madogo. Kwa mabonde makubwa zaidi, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilitoa mwaka 1976 njia maalumu ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyojengwa juu ya vipimo vilivyochukuliwa hapa hapa.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa uhandisi alifundishwa kanuni hiyo, kisha akafundishwa kuchora mfereji wa kuyaondoa maji upesi iwezekanavyo. Ukali wa mvua hawezi kuubadili, wala ukubwa wa eneo. Ile sehemu inayotiririka aliisoma katika jedwali la kitabu, akaiandika kama alivyoikuta. Kasoro ya mafunzo ilikuwa papo hapo, kwa maana katika mambo yale matatu hilo ndilo pekee lililo mikononi mwa binadamu. Aliyelishika alikuwa msanifu wa majengo au mpangaji wa miji, ambaye kwa upande wake hakufundishwa kanuni yenyewe. Hadi leo si ajabu mhandisi wa mifereji kuitwa mwisho, kuta zikiwa zimekwisha kusimama, akaombwa atafute pa kupitisha maji.

Nchi nyingine zimejaribu kuirekebisha kasoro hii. Katika wilaya ya Prince George's, jimbo la Maryland nchini Marekani, wataalamu walianza mapema katika miaka ya 1990 kutengeneza bustani zilizobonyea kidogo, zenye mchanga na mimea, ili zipokee maji ya paa na ya maegesho na kuyaacha yapenye taratibu. Malaysia, nchi ya joto na mvua kali, ilianza kutumia mwaka 2001 mwongozo wa taifa unaodai kwamba ujenzi mpya usiongeze kilele cha mtiririko kupita kile kilichokuwapo kabla ya ujenzi. Sharti la namna hiyo humlazimu msanifu na mhandisi kukaa meza moja tangu mstari wa kwanza wa mchoro.

Mafunzo yenyewe basi hayana budi kuanzia kiwanjani. Wanafunzi hupewa ramani yenye mistari ya kontua, wakaufuata mteremko kwa miguu, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, wakaona maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Kisha huchimba shimo, wakalijaza maji, wakayaacha yapenye ili udongo ulowe. Hulijaza tena, na sasa hupima kwa rula na saa jinsi maji yanavyoshuka. Jaribio hili rahisi huvunja michoro mingi mizuri. Penye mfinyanzi maji husimama. Karibu na pwani huenda maji ya ardhini yakawa juu mno, hata shimo likajaa lenyewe. Na penye vyoo vya shimo na visima vilivyokaribiana, kupenyeza maji zaidi ardhini kwaweza kusafirisha uchafu kutoka choo hadi kisima. Mahali kama hapo yafaa maji yakingwe kwenye matangi, au yacheleweshwe kidogo kabla ya kuachiwa.

Kuna na suala la mbu, ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipita haraka. Katika joto la pwani, yai la mbu huchukua yapata wiki moja, pengine zaidi, hata kuwa mbu kamili. Kwa hiyo bustani ya kupenyeza maji sharti ikauke kabla ya muda huo, na kwa kawaida wachoraji hujiwekea kikomo cha siku tatu. Mtaalamu asiyejua biolojia hii aweza kuzuia mafuriko akaleta malaria.

Dar es Salaam yenyewe imetoa mfano mmoja mzuri wa mafunzo ya uwanjani. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata zenye mafuriko kuchora ramani za mitaa, nyumba na mifereji. Mwanafunzi alileta ujuzi wa vipimo. Mkazi alionyesha maji yalifika wapi, na mfereji upi huziba kwa taka. Kwa mhandisi wa kesho, elimu hiyo ya pili haipatikani darasani.

Linabaki tatizo la wale wasioingia chuo chochote. Sehemu kubwa ya nyumba za miji ya Tanzania hujengwa na mafundi, bila msanifu wala mhandisi. Fundi ndiye huamua kama uwanja utasakafiwa wote au utawekewa kokoto, na kama maji ya paa yataelekezwa kwenye tangi au barabarani. Kozi fupi ya siku chache, yenye shimo, rula na hesabu ya kiwanja kimoja, yaweza kubadili nyumba nyingi kuliko mhadhara wa muhula mzima. Vyuo vya ufundi stadi vina nafasi nzuri ya kuitoa.

Shule nazo zaweza kuanza bila kungoja mtaala. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa mahali pa wazi hupima mvua. Paa la darasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 10 likinyeshewa milimita 20, hutoa lita 6,000. Wanafunzi wayafuate maji hayo kutoka ukingo wa paa hadi nje ya uzio, wachore njia yake, kisha waende kumwuliza jirani aliye chini ya shule yanafika kwake baada ya muda gani.