FISI WA SINGAPORE ANAKATIWA TIKETI, WA MUYAMA ANASINGIZIWA!

Mpenzi msomaji, najua saa tatu usiku wewe ndiyo kwanza unanyoosha jinzi ukajirushe. Kabla hujatoka nikuulize kitu kimoja. Umewahi kulipa kiingilio ili ukamwangalie fisi? Usicheke! Kuna watu wanalipa, tena fedha nzito, na foleni wanapanga.

Huko ni Singapore. Kuna zuu inaitwa Night Safari, ilifunguliwa mwaka 1994, na ndiyo ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya usiku peke yake. Mchana geti limefungwa. Giza likiingia watu wanapanda kijitreni kisicho na kelele, taa zimewekwa hafifu kama mbalamwezi, na ukipiga picha kwa flashi unakemewa kama mtoto. Vyuma huvioni, wanyama wametengwa kwa mitaro na vizuizi vilivyofichwa, kwa hiyo chui unamwona kama vile mko naye uwanja mmoja. Kuna simba, tembo wa Asia, popo wakubwa, nungunungu, kakakuona wa kule kwao, na mmoja anaitwa binturongi, ndugu yake fungo, ambaye harufu yake ni ya bisi kabisa, zile za kwenye sinema. Na kuna fisi. Fisi huyu huyu wa madoa, wa kwetu Afrika.

Mimi Singapore sijafika. Pasi ya kusafiria yenyewe sina. Niliiona kwenye luninga kwa mshikaji wangu Sinza, tukiwa tumekosa nauli ya kwenda mbali zaidi ya kochi lake. Nikawa nahesabu wale wanyama kwa vidole, mara nikashtuka: wengi wa hawa si nawajua? Nimekua nao!

Wazungu nao walishausoma mchezo huu zamani. Yule Profesa Bernhard Grzimek wa filamu ya Serengeti ya mwaka 1959, ambaye kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro pamoja na la mwanawe Michael, alikuwa mkuu wa zuu ya Frankfurt, Ujerumani. Pale Frankfurt kuna jengo lenye jina lake, lililofunguliwa 1978, ambamo saa zimegeuzwa. Usiku wanawasha taa kali, wanyama wanalala. Mchana wanazima, wanyama wanaamka. Baba anakuja na watoto wake saa nne asubuhi anamkuta muhanga anatembea, na masikio yake ya punda, pua yake ya nguruwe na ule ulimi mrefu wa kulambia mchwa. Sisi Sabasaba tunakwenda mchana kweupe, simba kalala chali, halafu tunalalamika kwamba simba gani huyu mvivu.

Sasa turudi nyumbani. Kwa msiopajua, Muyama iko juu kwenye milima ya Kigoma, upande wa Burundi. Zamani tulihesabiwa Kasulu, tangu 2012 tuko wilaya ya Buhigwe. Migomba, kahawa, maharage, na baridi ya kukulaza na soksi. Saa mbili usiku kimya, na hapo ndipo zuu yetu inafunguliwa.

Tatizo ni kwamba sisi tulilelewa kuambiwa zuu hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mchawi. Fisi ni gari lake, anampanda usiku kwenda kwenye vikao. Bundi ni tarishi wake, akitua juu ya paa lako ujue kuna msiba. Komba akilia ni mtoto mchanga aliyeibwa. Kibali cha Maliasili huyo mwenye zuu hana, lakini kijijini watu watakuapia kwamba wanajua nani anafuga nini.

Mwaka jana nilipokwenda likizo nikakuta mwenye zuu kashapatikana.

Ni bibi mmoja mjane, jirani yetu. Mimi namwita bibi ingawa si wa damu, na ndiye aliyenikanda mkono nilipoanguka kwenye mwembe nikiwa darasa la tatu. Juu ya ukuta wa ghala lake kuna tundu, na ndani ya tundu amehamia bundi. Mwezi huo huo kitongojini wamekufa watu wawili, mzee mmoja na mtoto mdogo. Jioni ya kwanza nimekaa na vijana wenzangu kilabuni, wakaanza. Mmoja akasema, "Bundi wake jana kalia mara tatu."

Neno lililonitisha ni hilo moja. Hakusema bundi aliye kwake. Kasema bundi wake.

Msomaji, nchi hii tunajua neno kama hilo linaweza kuishia wapi. Vikongwe wameuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Na mnyama naye haponi. Waulizeni Wazanzibari habari za chui wao. Unguja walikuwa na chui wao, mdogo kuliko wa bara, na watu waliamini kwamba kuna wachawi wanaowafuga na kuwatuma kwenda kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapigwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja. Leo chui wa Unguja kabaki wa kusimuliwa.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nikamfuata mjomba, ambaye kazi yake msimu wa mahindi ni kulala kwenye kibanda cha shambani kuwinga nungunungu. Nikamwambia nataka anitembeze usiku nione kila kitu, niandike gazetini.

"Huko mjini wanakulipa kwa habari za nungunungu?"

"Wananilipa, mjomba. Wakikumbuka."

Tukatoka saa nne na tochi moja. Bwana wee! Mjini nimezoea taa za gari, kumbe macho ya wanyama yanawaka kuliko taa. Nyuma ya jicho la hawa wa usiku kuna kitu kama kioo kinachorudisha mwanga, ndiyo maana hata paka akimulikwa macho yanang'aa. Kwenye mti mmoja tukaona makaa mawili mekundu yanaruka kutoka tawi hadi tawi. Komba! Ana macho makubwa kuliko uso, na kabla ya kuruka anajikojolea viganja apate kushika vizuri. Akalia, na kweli ni mtoto mchanga kabisa, mimi mwenyewe vinyweleo vilisimama. Huyu ndiye mlevi maarufu, watu wa Pwani wanamnasa kwa tembo la mnazi.

Kanu tulimwona sekunde tu, mwembamba kama paka, madoa mwilini na mkia wa pete, akapotea kwenye migomba. Nungunungu hatukumwona, tuliokota miiba yake miwili karibu na muhogo aliokwisha kuutafuna. Kakakuona mjomba amemwona mara moja tu maishani. Anasema watu walimwekea unga, maji na panga wakingoja aguse kipi, kama ni shibe, mvua au vita, na yule maskini akajikunja mpira akawaacha na tafsiri zao. Siku hizi anasakwa kwa ajili ya magamba yake, mpaka mwaka 2016 nchi za dunia zikakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa.

Fisi tulimsikia kwa mbali, ng'ambo ya bonde. Hapo mjomba akanipa darasa. Kwa fisi jike ndiye bosi, ni mkubwa kuliko dume, na hata kula dume anasubiri. Kina dada mpo? Na kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe kama chaki, kwa sababu anatafuna mifupa. Nikamuuliza kama kuna mtu anaweza kumpanda. "Jaribu kumpanda mbwa wangu kwanza," akanijibu.

Mwisho tukasimama mbali kidogo na ghala la bibi. Bundi akatoka. Nakuapia hakutoa sauti hata kidogo, kama karatasi nyeupe inayopita hewani. Pembeni mwa mabawa yake manyoya yamekaa kama meno ya kitana, yanaikata hewa bila kelele, na panya hajui kitu mpaka kashabebwa.

Hapo nikakumbuka somo la bayolojia, somo pekee nililopata alama ya kujisifia kidato cha nne. Bundi anameza panya mzima, kisha mifupa na manyoya anayatapika yamefungwa kama kidonge. Asubuhi nikawaita wale vijana wa kilabuni, watatu wakaja. Chini ya tundu vidonge vilijaa. Nikavichana kwa kijiti mbele yao: mafuvu ya panya, meno, mbavu nyembamba kama sindano. Vidonge vitatu, panya wanne. Nikawaambia, hesabuni wenyewe maharage ya kijiji hiki ambayo hayakuliwa.

Wawili wakacheka, wakaanza kuokota vidonge vingine. Wa tatu akaniangalia tu, akasema, "Na hao panya ni wa nani?"

Nikakosa jibu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta. Wale walipoondoka nikamsogelea, najiona shujaa. Akaniuliza kule kwa wenzetu kiingilio ni shilingi ngapi. Nikamtajia hesabu ya kukadiria, akashangaa, akasema basi waje kwake, yeye atawatoza jogoo. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu, umesema vizuri. Lakini wewe keshokutwa unapanda basi. Mimi ndiye ninayebaki na usiku. Niondolee huyu ndege."

Nikajaribu kubisha, mjomba akanikanyaga mguu. Usiku ule bundi alipotoka kuwinda, mjomba akapanda ngazi akaliziba lile tundu kwa tope na mawe. Kwanza alimulika ndani ahakikishe hakuna makinda, hayakuwepo. Halafu akapigilia sanduku la mbao juu ya kibanda chake cha shambani, kwamba bundi akitaka ahamie huko. "Nisingiziwe mimi," alisema, "mimi nina panga."

Mwezi uliofuata akanibipu, nikampigia. Sanduku limepata mpangaji, lakini siyo bundi. Kaingia komba, na mke na mtoto. Kwa bibi kimya, watu wanapita wanamsalimia, wengine hawamsalimii, kama zamani.

"Na bundi je, mjomba?"

"Yupo. Kahamia kwenye paa la ofisi ya serikali."

Ofisi gani akanitajia, mimi sitaitaja. Nikamuuliza watu wanasemaje. Akaniambia kila usiku bundi analia pale juu, na mpaka leo hajatokea mtu wa kusema ni wa nani.