Nyumba ya Milioni Sita, Bima ya Milioni Tatu

Katika kasha la marehemu baba, pamoja na hati za ndoa na vyeti vya kuzaliwa, mlikuwamo mkataba wa bima ya nyumba yetu. Baba aliulipia kila mwaka, na baada yake mama akaendelea, pasi na yeyote kati yetu kuusoma. Jiko lilipoungua na moto kushika dari ya chumba cha juu, tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba bima ipo. Hasara ilikadiriwa kuwa shilingi milioni moja. Tulilipwa nusu yake.

Hatukudhulumiwa. Nyumba ilikatiwa bima ya milioni tatu, kima kilichoandikwa zamani, ilhali kuijenga upya siku hiyo kungegharimu milioni sita. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kanuni ya uwiano: aliyekatia bima nusu ya thamani huhesabiwa kuwa nusu ya pili ameibeba mwenyewe, hata hasara ikiwa ndogo. Wengi wetu hudhani kwamba maadamu milioni moja haifiki milioni tatu, italipwa yote. Sivyo.

Basi mwenye nyumba na ajiulize: ikianguka yote leo, itagharimu kiasi gani kuisimamisha tena? Bei atakayoitaja dalali haisaidii hapa, kwani ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Sisi wa Mombasa, ambako wengi wana nyumba bila ardhi, jambo hili twalifahamu upesi. Kwengineko wako wanaolipia bima ya mchanga. Tena hesabu isisahau gharama ya kuzoa vifusi na ada ya mchoraji ramani. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kama zile za Lamu na Mji wa Kale, zataka uangalifu zaidi: mafundi wake ni wachache, na katika eneo la hifadhi mtu hajengi upya kama apendavyo. Mwenye paa la makuti naye alitaje waziwazi. Akiezua mabati na kuezeka makuti bila kutoa habari, fidia yaweza kukataliwa.

Mpangaji ajue kwamba bima ya mwenye nyumba hailindi vitanda na makochi yake. Hivyo hukatiwa bima ya vyombo vya ndani, na hapo ndipo sisi wanawake tunapopaswa kusoma kwa makini, kwa kuwa kitu kimoja kimoja huwekewa kikomo. Seti ya dhahabu ya arusi hukipita kikomo hicho kwa wepesi. Haina budi itajwe peke yake, kwa thamani ya leo, pamoja na risiti na picha. (Picha zisiwekwe katika kabati lile lile la dhahabu!) Na wanaokwenda Hija waangalie sharti la nyumba kuachwa tupu, kwani baadhi ya mikataba husitisha kinga ya wizi baada ya siku kadhaa.

Baadhi ya familia zetu huiepuka bima kwa sababu ya dini. Mwaka 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah, liliharamisha bima ya kibiashara na kuipitisha ile ya ushirikiano, ambayo ndiyo takafuli. Na hapa Kenya takafuli imekuwapo tangu 2011. Lakini uhalali wa mkataba hauongezi kima chake. Humo pia muulizeni wakala kuhusu kanuni ya uwiano kabla ya kutia sahihi.

Siku hizi, kila Shaabani, tunapoosha nyumba kwa ajili ya Ramadhani, mama huutoa mkataba kashani na kumwita mkadiriaji wa ujenzi. Mwaka huu ametaja milioni saba na nusu. Mchango umepanda, mama amenung'unika siku mbili, kisha akalipa.