Resi za ngalawa: Ubingwa unashonwa nchi kavu

SHABIKI wa Lisekese, Masasi, anaijua barabara ya Mtwara. Enzi za Ndanda FC kwenye Ligi Kuu alikuwa anakula karibu kilomita 200 kwenda kupiga kelele Nangwanda Sijaona, mechi ikiisha anateremka Shangani kupunga upepo kabla ya kurudi bara. Pale ufukweni ngalawa zimelala mchangani, na wengi wanazipita tu.

Kumbe nako kuna mchezo. Unguja, resi za matanga zimekuwa sehemu ya tamasha la ZIFF, lililoanza 1998. Lamu, Kenya, wanashindana wakati wa Maulidi, na mtaa na mtaa hawaachiani utani.

Ila mshindi anaanza kujulikana mapema, wakati chombo kinavalishwa tanga na kamba mpya.

Tanga la ngalawa ni la pembe tatu. Linafungwa kwenye foromali, ule mti mrefu mwembamba unaoning'inia juu ya mlingoti. Kamba ya kupandishia foromali ni henza, na ile anayoishika baharia kulivuta au kulilegeza tanga ni demani. Basi, vifaa vyenyewe ndiyo hivyo. Havina mbwembwe.

Shughuli iko kwenye upya wake. Nguo ya pamba ikiwa mpya inavutika. Ukiikaza kwa nguvu zote siku ya kwanza, pindo linavutika vibaya na tanga linapoteza tumbo, na tumbo ndiyo injini ya chombo. Ndiyo maana wazoefu hulifunga kwa ulegevu, wakatembea nalo siku kadhaa kwenye upepo mdogo, kisha wanakaza kidogo kidogo. Mchezaji gani mwenye akili anavaa njumu mpya siku ya fainali?

Kamba nazo zina tabia zake. Ya katani ikilowa inafupika, ya nailoni ikivutwa inarefuka. Aliyebadilisha henza usiku wa kuamkia resi anaweza kushangaa katikati ya maji foromali imeshuka na tanga linapepea kama shuka kwenye kamba ya kuanikia.

Foromali ndiyo yenye mtihani zaidi. Ikiwa ngumu mno haipindi, upepo ukija wa ghafla chombo kinalala ubavu. Ikiwa nyembamba mno inavunjika. Mmakonde, mtu wa kuchonga, hahitaji kuelezwa mara mbili habari za mti kuwa na moyo wake.

Halafu kuna tamaa. Siku ya resi kila mtu anataka tanga kubwa kuliko lile la kuvulia, ni sawa na kocha anayepanga washambuliaji watano. Likikubali, unaruka. Likikataa, hasa Julai kusi linapovuma, mabaharia wanakimbilia upande wa upepo, wanakanyaga miguu ya mbao ya ngalawa isipinduke, huku mwenzao anafua maji bila kupumzika.

Na hapa hakuna mzaha, kwa sababu ngalawa nyingi za resi ndizo hizo hizo za kuvulia. Mlingoti ukivunjika Jumapili, Jumatatu hakuna samaki. Mwenye chombo amekosa, mabaharia wanaogawana kilichovuliwa wamekosa, na hela ya kitambaa imeshatoka mfukoni. Klabu ikifungwa, mchezaji mshahara wake uko palepale. Baharia hana huo.

Anayesahaulika ni fundi wa tanga. Zawadi inakwenda kwa nahodha na watu wake, yeye aliyekaa siku nzima mchangani na sindano, akishona kamba kwenye pindo ili nguo isichanike, hapandi jukwaani. Kila mashine inapofungwa kwenye boti, kazi yake inapungua, na bila resi ingepungua zaidi.

Ukiwahi kufika Forodhani siku ya resi, usikimbilie kumtazama nahodha. Tazama matanga yakipandishwa. Lile lenye mikunjo mirefu kutoka pembe moja hadi nyingine, hilo limefungwa jana.